Samaki Kwenye Tiketi

Jumanne, 28 Mei 1996

Ka-chik. Sauti hiyo ndiyo iliyonipokea leo kabla mtu yeyote hajanipokea. Nilikuwa bado kibarazani, sanduku mkononi, napapasa ufunguo, nikaisikia ikitoka dirisha la jikoni: ka, halafu chik, kama meno yanayokutana. Mara tatu. Nikasahau ufunguo. Nilikuwa na miaka sita tena, majani ya mti wa uani yameshaiva rangi, Bibi kaketi kwenye ngazi hizi hizi na koleo lake la kutobolea tiketi. Mimi namletea majani mekundu, naye kila jani analitoboa tundu lenye umbo la samaki. Nikiinua jani juani, samaki mdogo wa mwanga anaogelea usoni mwa Bibi.

Nilipoingia jikoni Bibi alikuwa mezani na Mwalimu Farnham, sahani ya donati katikati yao, sukari nyeupe imemwagika hadi kwenye gauni la Bibi. Mwalimu alikuwa anafunga jalada. Koleo sikuliona. Nikasema moyoni, ni uchovu wa basi.

"Ebo! Msomi wetu huyo!" Mwalimu akasema. "Justina, mjukuu wako amerefuka au mimi nimefupika?"

"Wewe umefupika," Bibi akamjibu. "Yeye amekonda tu. Hivi huko Philadelphia hawali?"

Mwalimu alinifundisha historia sekondari, na barua iliyoniingiza chuo kusomea utunzaji wa nyaraka aliiandika yeye. Sasa amestaafu, ni mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa vitu vya Wexler: tiketi, vibeji, vikombe, vibendera, chochote kilichotoka kwenye bustani yetu ya michezo kabla haijafungwa miaka kumi na tatu iliyopita. Bibi alisimama mlango wa magharibi wa Wexler misimu thelathini na mmoja. Kila Jumanne Mwalimu huja kumsikiliza. Mama anasema Jumanne ndiyo siku yake pekee ya kupumua.

Nilimuuliza Mama koleo liko wapi.

"Limepotea tangu wakati wa baridi," akasema bila kugeuka kutoka kwenye sinki.

Kazi yangu Philadelphia inaanza Septemba. Nitakaa hapa hadi mwisho wa Agosti.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua. Bibi amelala, ameamka, amelala.

Jumamosi, 1 Juni

Soko la wakusanyaji, ndani ya kituo cha zimamoto. Wanaume hamsini na meza zao. Nilinyoosha mkono kugusa kifuniko cha kikombe cha karatasi chenye picha ya gurudumu kubwa, mwenye meza akanirukia.

"Usiguse, dada! Mafuta ya vidole!"

Mafuta ya vidole. Bibi yangu alishika tiketi za mji huu wote, kutoka mikono yenye haradali, yenye jasho, yenye masizi ya kiwanda cha chuma, na hakuna aliyemrukia. Leo kifuniko cha soda kinashikwa kwa kibanio.

Mwalimu alinizungusha meza hadi meza kama ng'ombe wa maonyesho. "Mjukuu wa Justina Hudak! Yule wa samaki!" Wote wakainua macho. Kila mwanamke wa mlangoni alikuwa na koleo la umbo lake, ili ofisi ijue nani kamwingiza nani. Bibi alikuwa samaki. Dorothy Kehoe wa mlango wa mashariki alikuwa mwezi mwandamo.

Tiketi mpya zisizotumika zimejaa tele. Wexler ilipopigwa mnada Mwalimu alinunua makasha mazima ya zilizobaki, za miaka yote. Zilizotobolewa ndizo adimu, kwa sababu jioni zilichomwa kwenye jiko la mlangoni. Ukiipata iliyotobolewa na samaki, na ukawa na mwanamke aliyeitoboa yu hai wa kukuthibitishia, hapo watu wazima wanaanza kunong'ona.

Ijumaa, 7 Juni

Andrej Sabol, mwenyekiti wa ukumbi wa Waslovakia, ameniomba niandike maelezo ya kabati jipya la kioo. Litafunguliwa tarehe kumi na nane Julai, Siku ya Waslovakia. Zamani siku hiyo Wexler ilikuwa yetu, kama Waayalandi walivyokuwa na yao na Wakroeshia yao. Siku hizi tunaifanyia ukumbini, tukitazama ukuta.

Ndani ya kabati zitawekwa tiketi tisa za Siku ya Waslovakia, za mwaka 1949 hadi 1957, zilizotobolewa. Ukumbi umezinunua kwa Mwalimu. Wanawake wa parokia walikunja na kuuza pirohi, vimaandazi vya viazi, kila Ijumaa ya Kwaresima ili fedha zipatikane. Bi. Agnes Petrik, mwenye miaka themanini, alinionyesha vidole vyake. Havinyooki.

Jumanne, 11 Juni

Mwalimu ameleta albamu. Tiketi tisa, kijani, pinki, njano, kila mwaka na rangi yake, na katika kila moja samaki. Mwishoni mwa albamu kuna hati yenye sahihi ya Bibi: *Nathibitisha nilizitoboa kwa mkono wangu.*

Niliguswa. Naliandika hilo kwa sababu nataka likae hapa. Nilikaa kwenye dawati langu la utotoni nikaandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, mara tisa: *Imetobolewa na Bi. Justina Hudak, mlango wa magharibi, Siku ya Waslovakia.* Nikaweka mwaka.

"Tarehe kwanza," Mwalimu akasema nyuma ya bega langu, akicheka. "Karatasi isiyo na tarehe?"

"Ni takataka," nikamalizia, kama darasani.

Jumapili, 16 Juni

Joto. Feni imekufa.

Alhamisi, 20 Juni

Mimi ni mjinga mwenye shahada.

Leo mchana Bibi alitaka gauni la buluu lipigwe pasi, lile lenye shingo ya kudarizi, la Siku ya Waslovakia. Nilikuwa napiga pasi, yeye kaketi anasimulia, na mimi nasikiliza kama mtu asikilizavyo mvua, kwa sababu hadithi hiyo nimeisikia tangu sijaota meno.

"Siku hiyo sifungui mlango kwa mtu," Bibi alisema. "Siku hiyo mimi mgeni. Navaa buluu, napanga foleni na watu wangu, nanunua tiketi kama malkia. Nikifika mbele, Dorothy ananiinamia. 'Karibu, bibie Hudak.' Anatoboa mwezi wake. Na mimi Siku ya Waayalandi namshikia zamu, naye anapita kwangu kapandisha pua. Miaka yote thelathini na mmoja, hatukukosa hata mmoja."

Pasi ikasimama.

"Inaungua, we!" Bibi akapiga kelele.

Kuna alama ya kahawia kwenye pindo la gauni. Nilipanda juu nikafungua albamu. Samaki, samaki, samaki, mara tisa, katika siku moja ya mwaka ambayo Bibi hakushika koleo. Na chini ya kila samaki, mwandiko wangu.

Hadithi hii ningeweza kuisimulia usingizini. Nimesoma miaka mitano jinsi ya kuipima karatasi kwa wino wake, nyuzi zake, kutu ya pini zake. Ilitosha kumkumbuka bibi yangu.

Ijumaa, 21 Juni

Nimejifungia. Nahesabu walio hatarini na kila mara narudi kwa mmoja. Nikisema tiketi ni za uongo, sahihi iliyo chini yake ni ya Bibi. Wale wanawake waliopinda vidole watamtazama yeye. Ana miaka themanini, amebakiwa na vitu viwili, nyumba hii na jina lake, na nyumba imewekwa rehani benki.

Nikinyamaza, atavishwa maua mbele ya uongo wenye mwandiko wangu.

Jumamosi, 22 Juni

Nilimuomba Bibi anionyeshe kitabu chake cha sala. Ndani, kati ya picha za marehemu, ipo tiketi ya pinki ya mwaka 1951. Tundu lake ni la mwezi mwandamo, kingo zimelainika kwa kushikwashikwa. Ilikuwa Siku ya Waslovakia ya mwisho aliyokwenda na Babu, kabla ya kiwanda kumrudisha kwenye machela. Kwenye albamu ya Mwalimu, 1951 ya pinki ina samaki.

Jumanne, 25 Juni

Nilikaa jikoni makusudi. Walizungumzia treni ya mbao ya Wexler, ile ya kupanda na kuporomoka, na mtu aliyetapika kofiani mwa diwani. Wakacheka mpaka Bibi akashika mbavu. Mwalimu hakufungua mkoba wake. Namchukia kwa jinsi anavyojua kumchekesha.

Jumamosi, 29 Juni

Radi bila mvua. Siongei na mtu.

Jumanne, 2 Julai

Nilisema nakwenda maktaba. Nilikwenda hadi kona, nikarudi, nikasimama kibarazani chini ya dirisha kama mwizi wa kuku.

Ka-chik.

Sikupiga hodi. Bibi alikuwa na koleo mkononi, mkono wa kuume, wa kushoto ukiukamata ule wa kuume kwa sababu peke yake hautoshi tena kubana. Mbele yake tiketi za njano zimepangwa safu. Mwalimu alikuwa amemshikia moja, kaiinamisha kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Verona," akaniita.

"Mpaka lini?" nikauliza. "Mpaka makasha yaishe?"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Koleo lilipotea, sivyo? Mama alisema limepotea."

"Nilimwambia mama yako nimelihifadhi, lisipotee. Huenda alinielewa vibaya. Sikiliza. Wewe ni msomi, tuongee kisomi." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, jinsi alivyokuwa akifanya kabla ya kurudisha mitihani. "Tiketi ni za kweli. Zilichapwa mwaka ule. Koleo ni la kweli. Mkono ni wa kweli, tena ule ule. Kilichobaki ni tarehe tu."

"Tarehe tu!"

"Watoto wetu watatazama nini, Verona? Za kweli zilichomwa. Nawapa kitu cha kutazama. Na Bibi yako anapata kufanya kazi aliyoipenda. Muulize kama anateseka."

"Karatasi isiyo na tarehe, Mwalimu? Hebu nikumbushe ni nini!"

Alikuwa mweupe, sasa akawa mwekundu. Nikampa la mwisho, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, nililisikia hilo na nikachukia: "Siku ya Waslovakia Bibi hakuwa mlangoni. Hakuwahi kuwa mlangoni. Umekuja hapa kila Jumanne miaka mitatu kumsikiliza, na hilo hukulisikia?"

Akamgeukia Bibi. Mwalimu ni wa kule mlimani, kwao walikwenda Wexler siku ya walimu. Siku yetu hakuwahi kualikwa.

"Justina?"

Bibi alikuwa anafuta sukari mezani kwa kiganja, akiikusanya polepole hadi ukingoni.

"Donati zimekauka leo," akasema.

Nikachukua koleo mkononi mwake. Lilikuwa la moto. Nikamwambia Mwalimu: ama akamweleze Sabol mwenyewe kabla ya tarehe kumi na nane, ama nitaeleza mimi. Akakusanya tiketi zake, akakosa mbili, moja ikaanguka chini ya meza. Mlangoni alisema, "Utamwangusha yeye, si mimi." Na hilo lilinikera kuliko yote, kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 4 Julai

Fataki. Mbwa wa jirani amejificha chini ya gari letu.

Jumatano, 10 Julai

Mwalimu hajamweleza Sabol. Nilimpigia Sabol kumuuliza mambo mengine, akanisifia maelezo yangu. "Mwandiko kama wa askofu!"

Jioni nilimwambia Mama. Alikuwa ametoka kwenye dobi la hospitali, miguu ndani ya beseni. Nilidhani atashtuka.

"Kwa hiyo unataka nini?" akasema.

"Mama, anamtumia Bibi!"

"Anamtumia." Akalirudia neno kana kwamba anatafuta mfupa ndani yake. "Ulikuwa wapi miaka mitano, Verona? Ulikuja Krismasi, siku nne, ukalala tatu. Yule mzee alikuja kila Jumanne. Theluji ya mwaka huu, alikuja. Alimkata kucha za miguu, unajua? Mimi nilikuta kucha kwenye gazeti. Wewe umewahi kumkata Bibi yako kucha?"

"Hiyo haifanyi..."

"Sijamaliza! Unasema anakuja kuiba. Sawa. Wewe ambaye huibi, ulikuja lini?"

Nimeandika maneno yake yote ili nisijidanganye baadaye kwamba alisema machache.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa Bibi aliniambia nimpeleke uani. Tukaketi kwenye ngazi. Akaomba koleo, nikampa. Akalifungua na kulifunga hewani, bila kitu.

"Alileta makasha yote," akasema. "Siku ya kiwanda. Siku ya shule. Siku ya Waayalandi. Akasema, Justina, tutoboe zipi? Mimi ndiye niliyemwambia: za Waslovakia."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulijua anaziuza?"

"Aliniambia ukumbi unazitaka. Ningeketi hapa na mikono mapajani?" Akavuta pumzi. "Nikasema, ngoja nione. Ngoja nione nani atakumbuka nilikuwa wapi siku ile. Mama yako aliziona mezani. Sabol alikuja na albamu hapa, akanibusu mkono. Agnes Petrik ameziona, na Agnes nilipanga naye foleni mimi! Wewe ukaziandikia kwa wino."

Sikuweza kumtazama.

"Na sahihi, Bibi?"

"Nilizitoboa kwa mkono wangu. Uongo uko wapi hapo?"

Sijui. Usiku kucha nitaligeuza na sitajua. Huenda alitega mtego tangu mwanzo, akatungoja mmoja baada ya mwingine tupite juu yake. Huenda aliitaja siku yetu kwa sababu ndiyo aliyoipenda, na mtego ameutunga wiki hii ili asionekane mzee aliyechezewa. Yote mawili yananitia hasira. La kwanza zaidi.

Nilimwambia watamcheka.

"Nilisimama mlangoni miaka thelathini na mmoja," akasema. "Nimechekwa na walevi, watoto, maaskofu. Fanya kazi yako. Si ndiyo uliyosomea?"

Jumatano, 17 Julai

Nimeandika maelezo mapya, tisa. Wino ule ule, mwandiko ule ule: *Tiketi halisi, haikutumika. Siku ya Waslovakia Bi. Hudak hakuwa kazini; alikuwa mgeni. Imetobolewa naye jikoni kwake, Mtaa wa Poplar, Machi 1996, kwa ombi la Bw. C. Farnham.*

Nilimpelekea Bibi kabla ya kuyabeba. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akasoma la kwanza neno kwa neno, kidole kikifuata. Nilingoja anikatalie. Sehemu yangu moja iliomba anikatalie.

"Umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Umeandika Machi. Tulianza Februari. Kulikuwa na theluji, alivua viatu mlangoni, soksi yake ina tundu." Akanirudishia. "Andika Februari."

Nikaandika upya yote tisa.

Alhamisi, 18 Julai, jioni

Nilifika ukumbini asubuhi, Sabol akanipa ufunguo wa kabati na kwenda kuhangaikia viti. Nikayatoa maelezo ya zamani, nikaweka mapya. Tiketi ya 1951 yenye samaki niliiondoa kabisa, pamoja na maelezo yake. Mahali pake nikaweka ile ya kitabu cha sala, yenye tundu la mwezi. Bibi alinipa mwenyewe garini, akavifunga vidole vyangu juu yake. Nikafunga kioo.

Walijaa. Akordeoni, kabichi na tambi, joto la kumuua mtu. Bibi kavaa buluu, alama ya pasi kaigeuzia nyuma. Mwalimu alikuwa mstari wa mbele na tai. Sabol alipovuta kitambaa watu walipiga makofi, kisha waliokaribu wakaanza kusoma, na makofi yakafa kutoka mbele kwenda nyuma.

"Hii nini?" Sabol akanong'ona. Kisha kwa sauti: "Verona, hii nini? Leo? Umechagua leo kutuaibisha?"

"Ni maelezo," nikasema. "Uliniomba maelezo."

Bi. Agnes Petrik alijipenyeza kwa viwiko hadi kwenye kioo. Alisoma, midomo ikicheza. Nilitazama mikono yake. Akageuka.

"Justina Hudak!"

Akamnyooshea Bibi kidole kilichopinda.

"Siku ya Waslovakia wewe ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni! Ulinikanyaga! Mwaka arobaini na tisa ulinitoa kucha!"

"Ulikuwa unatembea kama konokono," Bibi akajibu kutoka kitini.

"Na mimi nimezitazama tiketi hizi tangu Aprili!" Bi. Agnes akajipiga kipaji cha uso. "Nasema, ah, rangi nzuri! Samaki mzuri! Jamani, Dorothy ndiye alikuwa mlangoni! Nani hapa hajui alikuwa Dorothy?"

"Dorothy," mtu akasema nyuma. "Dorothy," mwingine akasema. Walijua wote. Walikuwa wamekuja wote kutazama, na wote walijua.

Mwalimu alisimama. Nadhani alitaka kuhutubia, yale ya mkono wa kweli na karatasi ya kweli. Bi. Agnes alimfikia kwanza, akamnyooshea mikono yote miwili usoni.

"Ijumaa saba, Clyde. Sitaki kusikia historia. Nirudishie vidole vyangu."

Akasema atarudisha kila kitu. Akasema hakujua kuhusu foleni. Watu wengine walicheka, cheko ambalo nisingependa kuchekwa. Alipita karibu nami akielekea mlangoni. "Ungenipa siku mbili zaidi," akasema. Nilimpa kumi na sita.

Kuhusu Bibi: wapo waliomzunguka wakicheka na kusimulia foleni, na wapo ambao hawakumkaribia. Mke wa Sabol alipita akatazama dari. Bibi aliliona hilo. Alikula sahani mbili, akanyoosha mgongo, na garini akashika mkono wangu kwa nguvu isiyo ya mkono ule.

Ijumaa, 19 Julai

Mvua hatimaye. Mama ananisemesha kwa maneno mawili mawili. Chumvi hapa. Funga mlango.

Jumanne, 23 Julai

Saa nane kasoro Bibi alivaa blauzi safi. Akaketi mezani. Akatandika vitambaa viwili, chake na cha Mwalimu. Saa kumi akakunja kitambaa kimoja.

Niliketi nikamuuliza habari za treni ya mbao. Akasimulia kwa adabu, kama mtu anayemsimulia karani. Nilicheka mahali pasipo pake.

Jumamosi, 27 Julai

Sabol ametuma barua. Ukumbi umeamua kuyaacha maelezo yangu kabatini. Watu wanakuja kuyasoma kuliko walivyowahi kuja kwa chochote. Hakuna neno la asante, na sikulitaka.

Jumanne, 30 Julai

Blauzi safi. Vitambaa viwili.

Nilijaribu kumkata kucha. Nikamkata nyama. "Clyde anaziloweka kwanza," akasema.

Niliingia bafuni nikafungua maji ili nipige ukuta teke.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimemkasirikia Mwalimu, na hasira hiyo ni safi, inasimama yenyewe. Kuna nyingine chafu: kwamba nilichokisema ni kweli, na nitakisema tena kesho, na nimemwondolea Bibi mtu pekee aliyejua kuloweka kucha. Mwezi ujao mimi sipo. Mama anafua mashuka ya hospitali siku sita. Nani atakaa kwenye kitambaa cha pili? Ukweli wangu? Hauli donati.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda mlimani leo asubuhi, kwa miguu, joto lile. Mwalimu alifungua mlango akiwa na kandambili. Nyuma yake makasha ya tiketi yamepangwa hadi dirishani. Hakunikaribisha ndani na nisingeingia.

"Umekuja kuchoma moto?" akauliza.

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Usidhani nimekuja kwa hilo."

"Sidhani."

"Leo ni Jumanne. Saa nane. Uje mikono mitupu, bila mkoba, bila jalada, bila kipande cha karatasi. Koleo ni langu sasa, amenipa, nalo liko kwenye sanduku langu na litakwenda Philadelphia. Utakaa, utasikiliza, na safari hii utasikia."

Akatazama kandambili zake. "Atanitaka?"

"Ametandika vitambaa viwili." Nilikuwa nimeshageuka, nikarudi, kwa sababu hasira ilikuwa bado ina jambo moja la kusema. "Na lete donati za mdalasini. Zile za sukari nyeupe zinamwaga unga kwenye gauni lake, na anayelifua ni Mama."